Kiganja cha Mzee Castory

Kamera ya kupima joto niliiomba mimi, kwa hiyo lawama naibeba mimi. Miaka minane nilikuwa nimepima mota za kiwanda chetu cha kamba pale Kihonda kama Mzee Castory alivyonifundisha: unaweka kiganja juu ya beringi, unahesabu hadi tano. Ukishindwa kufika tano, mota inazimwa. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya mzee.

Bosi wetu, Vishal, alipoileta kamera, aliamua tuishindanishe na mzee mbele ya wafanyakazi wote. Mzee akishindwa, atarudi kwao Kinole, mlimani, akapumzike. Nilicheka, maana nilijua hawezi kushindwa. Mzee naye alicheka, akakunja mikono ya shati.

"Janeth mwanangu, hicho kidude chako leo kitaaibika."

Mota ya kwanza alisema ina uvuguvugu tu, kamera ikakubali. Ya pili hivyohivyo. Watu wakapiga makofi. Ya tatu ilikuwa mpya, haina kelele, beringi yake imeshindiliwa grisi. Akabandika kiganja, akahesabu taratibu hadi tano, kisha akakiacha hapohapo kwa madaha.

"Hii nzima."

Kwenye skrini beringi ilikuwa nyeupe tupu: nyuzi tisini na moja. Vidole vya mzee juu yake vilionekana vyeusi.

Nikaelewa, roho ikaniuma. Kisukari chake sote tulikijua, ganzi alituficha. Kumbe siku zote hizo alikuwa akisikiliza milio tu. Ningeweza kusema kamera imekosea. Lakini mota ile ingeweza kushika moto wakati wowote, na kando yake mwenzetu Felista hukaa kutwa nzima akisokota kamba.

"Toa mkono, mzee," nikasema. "Mota izimwe."

Mzee akautoa. Vishal akasogea, akaiona ngozi iliyobaki kwenye chuma, akainamisha kichwa. Mzee akanitazama mimi, kiganja chake hakukiangalia.

"Umeniumbua, mwanangu," akasema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nikamwongoza hadi bombani huku nalia bila kujificha, nikafungulia maji. Akayaacha yamtiririkie kidondani kwa muda mrefu, uso umetulia.

"Nisaidie hili moja," akaninong'oneza. "Haya ni ya baridi, au ya moto?"