Maduara kwenye Meza ya Awinja

Meza yetu ni ya mvule. Mke wangu Awinja aliinunua kwa pesa ya miwa ya kwanza, wakati kila mtu hapa Lurambi aling'oa hata migomba apande miwa. Tuliambiwa tutakula vizuri. Yeye akaingia pia kukata miwa ya kampuni ya sukari, na mwezi wa nne trela ikawaangukia njiani. Wenzake walikuwa wamemwambia Sifuna, msimamizi wao, kwamba ndoano ya ile trela imelika. Akawajibu kwamba trela ikisimama, kiwanda kinalala njaa.

Kwenye matanga ya Awinja, Sifuna alikuja na gunia la sukari. Sukari! Meza ikatolewa nje chini ya turubai, watu wakanywa chai siku nne, na kila kikombe cha moto kikaacha duara jeupe kwenye vanishi.

Mwaka ukaisha. Ibada ya kumkumbuka ilipokaribia, Rosebella, mdogo wake Awinja, akaja kunisaidia.

"Shemeji, hii meza ni kama ya hoteli ya stendi."

"Nitaisafisha mwenyewe."

"Wewe? Hata sufuria hujawahi kusugua."

"Dada yako alinionyesha."

Kweli alinionyesha. Unachunga majivu yawe laini kama unga, unayachanganya na mafuta kidogo ya kupikia, halafu unasugua polepole ukifuata nyuzi za mbao. Maduara yakatoka moja moja. Nikalibakisha moja la konani. Hilo ni la kikombe cha bati cha Awinja, uji wa asubuhi ile ya ajali. Trekta ya kuwachukua ilipiga honi, akakiacha kimejaa.

Lakini matangani Sifuna alikuwa amekalishwa pale pale, kwenye kiti cha mgeni, na duara lake lilipanda juu ya la mke wangu.

"Acha yote mawili," Rosebella akasema. "Nani ataona?"

"Mimi."

Nikavika kidole kitambaa. Upande wa nje wa duara la Sifuna ukatoka vizuri. Nilipofika yanapokutana, nikamkumbuka akikoroga chai, vijiko vitano, akisema ajali ni mapenzi ya Mungu. Mkono ukaongeza nguvu wenyewe. Nilipopangusa mafuta, kona yote ilikuwa inang'aa. Hakuna la Sifuna, hakuna la Awinja.

Rosebella hakunicheka. Alisimama tu na ufagio wake.

"Alikuwanga anasema una mkono mzito."

"Wangebadilisha ile ndoano, nisingekuwa hapa nikisugua meza."

"Najua, shemeji."

Jumapili pasta akaisifu meza, akauliza ni fundi gani aliyeipiga vanishi upya. Rosebella alikuwa ametandika vitambaa chini ya vikombe vyote. Changu nikakitoa kwenye kitambaa, chai ya moto isiyo na sukari, nikakiweka pale konani. Sikukigusa mpaka kikapoa.