Kiti cha Kola

Mimi sina simile, tena kwa mambo ya dada yangu ndiyo kabisa. Kwa hiyo Bwana Mipango aliposema kiti cha marehemu "kina mtu", nilimpandishia sauti mbele ya mafundi wote.

"Mtu gani? Si tumemzika Jumamosi!"

Kiwanda chetu hushona sare za shule. Dada alikuwa fundi wa kola, mimi natia vifungo. Bwana Mipango, meneja wetu, mkono wa birika kweli kweli, ndiye anayepanga tunahitaji watu wangapi. Alikuwa ameshatueleza: nje, kiwanda kipya ng'ambo ya barabara kinatunyakulia mafundi, na shule zinakaribia kufunguliwa; ndani, nusu yetu tumezeeka. Lazima tuajiri, alisema. Dada akafa, naye akaacha kuajiri.

"Njoo uone mwenyewe," aliniambia.

Mezani kwa dada palikuwa na rundo la kola, bado zina joto. Kila moja ilining'iniza kipande cha uzi kilicholowa mate. Dada hakuwa mtu wa mkasi. Alikata uzi kwa meno.

"Kila tukirudi tunazikuta," alisema akitabasamu. "Wala haombi likizo."

Nilimlilia dada upya. Mtu ameinamia mashine tangu usichana wake, hata kaburini asinyooshe mgongo?

Wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki. Mashine ikaanza yenyewe, polepole, kitambaa kikiteleza chini ya sindano. Niliogopa, sisemi uongo, lakini nikakikandamiza kwa kiganja. Kitu cha baridi kikanigusa vidole, kikavisogeza mbali na sindano, kama dada alivyonifanyia nilipokuwa najifunza.

"Dada, basi," nikamwambia. "Kazi haiishi. Nenda kapumzike, mimi nipo."

Mashine ikasimama. Nililia kwa furaha, makamasi na yote.

Kesho yake meza ilikuwa tupu. Nilidhani Bwana Mipango atafoka. Wapi! Aliizunguka meza, akatutazama mmoja mmoja tulivyoinama, kisha akaja kusimama nyuma yangu. Nilikuwa nakohoa, vumbi la pamba hilo.

"Hicho kifua kimekuanza lini?" akauliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Siku nyingi, bosi."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda mlangoni, kwenye benchi walipokaa waliokuja kuomba kazi, akawaambia warudi nyumbani.