Mvuvi Aliyepanda na Torpedo

Supu ya shayiri na nyama ya kondoo ilikuwa imeshaiva, na Effie MacAskill, mpishi wa meli ya kujaribia silaha za chini ya maji huko magharibi mwa Skotlandi, alikuwa akimenya viazi. Nje winchi ilikuwa ikivuta torpedo ya mazoezi, kombora la majini lisilo na baruti, linalorushwa asubuhi na kuokotwa kabla ya chakula. Ikapanda na mtu kaikumbatia. Alikuwa Torquil, mume wa Effie, aliyezama na mashua yake zamani.

"Mama Effie," baharia mmoja akaita, "ongeza bakuli. Mzee wako kaja."

"Mwambie avue viatu. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Torquil akavua, akamwaga maji, akaketi.

"Umenenepa."

"Na wewe umechelewa."

Jambo moja lilikuwa limemkaa Effie kooni miaka yote. Wachunguzi walisema mashua ilizama kwa sababu nahodha alikuwa amelewa. Torquil, ambaye hata kwenye harusi yake alikunywa maziwa! Ndiyo maana Effie aliomba kazi melini, awe karibu na wanaojua kilichotokea.

"Kitendawili," Torquil akasema, supu mdomoni.

"Tega."

"Nimetupa wavu nivue, nikavuliwa mimi."

Effie hakuomba apewe mji. "Nyambizi."

"Nyambizi. Tena ya kwetu wenyewe. Ilinasa wavu, ikatuvuta kinyumenyume mpaka chini."

Alasiri alikuja ofisa kutoka kambi ya jeshi la majini, Afande Pemberton. Alimsikiliza Torquil mpaka mwisho, kwa adabu, bila kumkatiza.

"Sasa afande," Effie akasema, "lile neno la ulevi mtalifuta?"

"Ningependa, mama. Lakini sheria inataka shahidi aliye hai."

"Na mlipomwita mlevi, alikuwa hai?"

"Hakujitokeza kupinga."

Kisha ofisa akamgeukia Torquil, akamuuliza kama huko chini amewahi kuona torpedo zilizopotea.

"Tele," akajibu Torquil, maana uongo hakuuweza hata alipokuwa hai.

Basi wapiga mbizi waliokuwa wakizitafuta wakarudishwa nchi kavu, kazi yao akapewa Torquil. Kila asubuhi Torquil hushuka, na saa ya chakula winchi humpandisha na torpedo kifuani. Effie humwekea bakuli lake karibu na jiko. Jioni hurudi baharini, kwa kuwa kisheria makazi yake ni huko. Kanisani watu bado humpa Effie mkono wa pole wa mke wa mlevi, na ile taarifa ya uchunguzi haijaguswa.

Mwaka mpya jeshi lilituma zawadi ya shukrani: chupa kubwa ya wiski, imefungwa utepe. Baharia aliyeileta alitazama sakafu.

"Wamesema wanajua unaipenda, mzee."

Torquil aliigeuzageuza ile chupa mkononi, akaiweka mezani, akamuuliza mkewe kama supu imebaki.