Fundi Asante

Fomu ya Tusajigwe ilirudi bila sahihi ya mzazi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi zilizolala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo: "Mwalimu aje mwenyewe nyumbani. Aje Jumapili, saa ya kula."

Kocha Sedekia aliisoma akiwa amesimama kando ya turubai la bluu. Chini ya turubai hilo kulikuwa na magodoro chakavu ya bweni, yaliyoshonwa pamoja yakawa ulingo wa mieleka.

"Baba hajakataa," alisema Tusajigwe, binti wa kidato cha tano, mfupi, mwenye mabega imara. "Ila hajasaini. Na bila sahihi, mashindano ya Iringa siendi."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi redio, huku Ilomba. Mtaani wanamwita Fundi Asante." Akacheka. "Sijui kwa nini. Mwenyewe hilo jina halipendi."

Sedekia alijua kwa nini. Kwa wiki tatu alikuwa ameliona jina la pili la binti huyo kwenye orodha, Yotamu, akajiambia kwamba Mbeya ina akina Yotamu wengi.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita alitoka kwao Kihesa, Iringa, akaja kusoma katika shule hiyohiyo anayofundisha sasa. Hakuwa na ndugu mjini. Yotamu, rafiki yake wa bweni, alimchukua kwao Ilomba kila Jumapili baada ya ibada. Mama yake Yotamu alipakua ndizi bila kuuliza, na sahani ikipungua aliongeza. Kumwambia "nimeshiba" hakukusaidia; kwake hayo yalikuwa maneno ya adabu tu. Neno la kumsimamisha lilikuwa moja: ndaga. Kwa Kinyakyusa ni asante, lakini mezani kwa mama yule lilimaanisha inatosha, acha. Sedekia alijifunza neno hilo kwa tumbo kabla ya kulijua kwa kichwa.

Kisha wakakutana wao wawili kwenye fainali ya shule. Uzito mmoja, nafasi moja ya kuuwakilisha mkoa. Kanuni ilikuwa nyepesi: aliyezidiwa apige turubai mara mbili, mwenzake aachie. Sedekia aliukunja mkono wa kulia wa Yotamu nyuma ya mgongo. Ule wa kushoto ulikuwa umenasa chini ya kifua cha mwenyewe, kwa hiyo Yotamu hakuwa na mkono wa kupigia. Akatumia mdomo.

"Ndaga," akasema. "Ndaga, Sede. Ndaga."

Sedekia alisikia. Alitaka nafasi ile, akakaza kidogo tu, na kiwiko kikalia kama mua unaovunjwa.

Mwalimu aliyekuwa mwamuzi hakujua Kinyakyusa. Aliuliza kijana alikuwa akisema nini.

"Alisema asante, mwalimu," Sedekia akajibu. "Alikuwa ananikejeli."

Shule ikacheka, na jina la Asante likamganda Yotamu. Tafsiri ilikuwa sahihi, ndiyo maana uongo ule ulidumu. Hata wanafunzi Wanyakyusa hawakuwa na la kubisha, maana wao hawakuwahi kula mezani pale.

Tangu siku hiyo sala zake zilikuwa na pengo. Kila alfajiri alipiga magoti akataja makosa yake moja baada ya jingine, na akilifikia lile aliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani. Alipoomba kurudi Mbeya kufundisha, alimwambia Mungu kwamba anakwenda kuwatumikia vijana. Mungu hakujibu kitu. Sedekia aliuchukua ukimya huo kuwa ruhusa.

Jumapili, Yotamu alimpokea mlangoni kwa mkono wa kushoto.

"Usione nimekudharau, mwalimu. Wa kulia haufiki huko."

Sedekia aliupokea kwa mikono yote miwili.

"Umenenepa, Mhehe," Yotamu akasema. "Ingia."

Ndani, mama yake alikuwa amekaa karibu na sufuria, mzee sasa, masikio yamechoka. Alimkazia macho mgeni. "Huyu si yule wa Kihesa? Alikuwa anakula, huyu!"

Tusajigwe akawanawisha watu mikono. Bibi akapakua ndizi. Sedekia akala, akamaliza.

"Nimeshiba, mama."

Bibi akaongeza. Akala tena, jasho likimtoka chini ya kola.

"Nimeshiba kabisa, mama yangu."

Bibi akaongeza. Yotamu alikuwa hajagusa sahani yake. Alikuwa anamtazama mgeni mdomoni, na hapo Sedekia akaelewa kwa nini aliitwa saa ya kula.

"Ndaga," akasema. Sauti ilitoka ndogo mno. Bibi hakusikia, upawa ukashuka tena.

"Ndaga, mama."

Upawa ukasimama hewani.

"Kumbe unalijua," Yotamu alisema.

"Nililijua hata siku ile. Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nikakaza. Kisha nikamdanganya mwalimu."

Tusajigwe alisimama na jagi mkononi, akimtazama kocha wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Bibi akauliza mgeni amesemaje.

"Miaka yote hii," Yotamu alisema taratibu, "nilidhani labda hukulielewa, ulilisikia kama asante tu. Nilijilaumu mwenyewe. Nikasema, Yotamu, ungesema kwa Kiswahili."

"Nililielewa."

"Haya." "Tusa, lete hiyo fomu. Na kalamu."

Akaiweka fomu mezani, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Karatasi ikateleza. Mkono wa kulia ulijaribu kuizuia, ukaishia hewani, umejikunja.

"Nishikie," akasema. "Isitembee."

Sedekia akaweka viganja vyake viwili juu ya karatasi.

"Ukimaliza, uniambie niachie."

Yotamu aliinua macho, akayaacha usoni pake kwa kitambo.

"Nitasema mara moja tu," akasema, na kalamu ikagusa karatasi.