Barafu ya Kupandia Shayiri

Mawe ya kupunguza maji yalikuwa yameondolewa tena. Yangdol aliyakuta yamepangwa vizuri pembeni, na mlangoni mwa mfereji maji yanashuka kwa fujo. Barafu aliyoilea tangu mwezi wa kumi na moja ilikuwa imechimbika katikati, kazi ya wiki tatu imekwenda na maji. Alitamani kulia, akaishia kusonya.

Kijiji kilimchagua yeye kuwa mgawa maji. Huku Ladakh, kwenye milima ya India, kazi hiyo haitaki nguvu, inataka subira: maji yaachiliwe kidogo kidogo, yatambae juu ya mawe ya kivulini yakiwa membamba kama chapati, yagande, kisha mengine yapite juu yake. Yakija mengi hayagandi. Yanakimbia na kula yaliyokwisha kuganda. Barafu hiyo ikiyeyuka ndiyo maji ya kupandia shayiri mwezi wa nne, kabla theluji ya juu milimani haijayeyuka. Shamba la Yangdol liko mkiani mwa mfereji. Mwaka jana maji hayakulifikia, mbegu zikakaukia udongoni, watoto wakala unga wa kuomba.

Stobdan, mjomba wa mumewe, alikuwa ameketi juani anahesabu tasbihi.

"Mjomba, si nilikuomba usiyaguse yale mawe?"

"Nimekusaidia, mke wetu. Maji yalikuwa yanatoka kama ya mgonjwa. Kwa mwendo ule barafu utaipata lini?"

"Hii mara ya tatu. Ya tatu, mjomba."

"Usinifundishe maji. Shamba langu ndilo la kwanza tangu babu yangu."

Hapo uvumilivu ukamwisha. "La kwanza kwa sababu mgawa maji huanzia juu. Mwaka huu naanzia chini. Wewe utapata kitakachobaki."

"Huwezi."

"Mgawa maji ni nani?"

Mzee akarudia tasbihi yake. Neno la mgawa maji halipingwi, na yeye mwenyewe, enzi zake akiwa mgawa maji, alimnyima jirani maji kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kesho yake asubuhi Yangdol alimkuta amepiga magoti juu ya barafu, anayatandaza maji kwa ufagio, ndevu zimeganda.

"Ongeza jiwe mlangoni," akasema bila kugeuka. "Unayaachia mengi. Haraka yako hii itatuua kwa njaa."

Yangdol alitamani kumsukuma. Akatazama mlango wa mfereji, akaona kweli maji ni mengi, akaongeza jiwe.