Mgeni wa Kupima Baridi

Fundi cherehani alirudi mbio kutoka kwa mteja, gauni la watu begani, akafungua mlango akapokewa na joto. Joto! Kwenye chumba ambacho maji ya ndoo yanauma vidole. Na leo ndiyo siku ya kupimwa baridi!

"Mama, umefanya nini?"

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Mabaki yote ya vitambaa alikuwa ameyashindilia kwenye nyufa za dirisha, na hita ilikuwa ikiwaka tangu asubuhi.

"Mgeni wa serikali anakuja, nimpokee kwenye baridi? Kwani sikulelewa mimi?" Kisha kikohozi kikamkunja.

Mgeni mwenyewe, afisa wa ruzuku ya kuziba nyufa za nyumba zenye baridi, alishaketi kwenye kiti pekee, chai mkononi, kipimajoto chake mezani.

"Dada, nyumba yenu inashika joto vizuri. Ruzuku ni ya nyumba zisizoshika. Hamna sifa."

"Kaka, hilo si joto la nyumba, ni la hita! Tazama!" Akachomoa tambara dirishani. Upepo ukaingia ukipiga mluzi, chai ya mgeni ikatikisika.

"Naona. Lakini kipimo kimeshatumwa makao makuu. Ni mara moja tu. Ombeni tena mwakani."

"Mwakani! Daktari kasema kifua hiki cha mama hakivuki baridi nyingine humu ndani. Mwakani nije nimwombee nani?"

Afisa akainamia kikombe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokera. Mtu mbaya ungemtukana, roho ikatulia.

"Mimi natumwa tu, dada," akasema, akaaga.

Hakufika hata barabarani, umeme ukakatika. Uniti za wiki nzima zimeliwa na ukarimu. Hita ikafifia, cherehani ikawa pambo, na gauni la watu halijapindwa. Fundi akalia kwa sauti, bila kujificha.

"Mwanangu, nimeharibu?" mama mkwe akauliza.

Fundi akafuta uso. Akaitazama mikono ile iliyoshindilia matambara kwa bidii yote ile.

"Hapana, mama."

"Lakini chai kainywa?"

"Kaimaliza."

"Afadhali. Asije akasema tulimwacha na baridi."

Akaanza tena kukohoa. Fundi akashusha gauni la mteja begani, zito, jipya, la kuvaliwa kesho kwenye harusi, akamfunika nalo mpaka shingoni.