Jina Nyuma ya Picha

Kijana aliyekuwa ukutani alikuwa anacheka, na Fachtna Tuohy alilijua vyema lile cheko, maana asubuhi hiyohiyo kabla ya Misa alikuwa amelizungushia wembe mbele ya kioo. Lilikuwa limezeeka na kupoteza meno mawili, basi. Pale ukutani, juu ya shuka jeupe alilolitundika Attracta Gilhooly, lilikuwa na upana wa mlango. Kijana alibeba mtaimbo begani, mguu mmoja ameukanyagisha juu ya lundo la reli, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake wenzake sita waliikodolea macho kamera, na nyuma yao lilisimama behewa la wazi lililosheheni mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Fachtna aliteremsha kikombe chake cha chai mezani polepole, asije akakimwaga.

"Picha ya arobaini na moja," Attracta alisoma. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote, na sauti yake bado ilikuwa ya kuita watu dirishani. "Kilvarna, Machi 1961. Nyuma yake mpigapicha ameandika kwa penseli: C. Tuohy na wenzake, waking'oa reli."

Vijiko vikatulia vikombeni.

Kila Jumapili ya pili ya Novemba, Chama cha Reli ya Drumlea hukutana katika shule ya zamani kutaja majina. Wahifadhi wa nyaraka huko Dublin huwaletea picha za watu wasiojulikana, Attracta huzirusha ukutani moja moja, na wazee hubishana mpaka jina lipatikane: huyu ni mpiga bendera, yule ni mke wa mkuu wa stesheni wa mwisho, mbwa yule alikuwa wa padri. Jina likishapita bila ubishi huandikwa kwenye kadi, kadi hurudi Dublin, na hapo mambo yamekwisha. Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Fachtna. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na alikuwa akiwatambua watu kwa mabega tu.

Nusu ya chumba ilimezwa na meza ndefu, na juu yake ilisimama stesheni ya Drumlea nzima, ya mfano, kama ilivyokuwa kabla ya kufungwa, injini zake zikienea kiganjani. Wanachama wengine walikusanya injini na mabehewa, wakaoneana wivu waziwazi. Fachtna hakumiliki hata behewa moja. Yeye alitandika njia. Taruma baada ya taruma, kwa kibano na gundi, miaka kumi na minane, akizichungulia picha za zamani mpaka macho yakamlegea. Watu walimsifu kwa subira yake, naye alizipokea sifa zile akiwa ameinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

"Haya, mmeona sasa?" alisema Packie Lavelle kutoka mstari wa mbele. Packie alikuwa amevuka themanini na ulimi wake haukuwa na breki hata alipokuwa na ishirini. "Miaka yote nasema, mnabisha. Huyo ni Colman Tuohy. Pua ile haifichiki hata ukiitia kwenye gunia."

"Packie, punguza ulimi," Attracta alimwambia. "Binti yake yupo hapa."

Packie akageuka, akamwona, akashika kofia yake. "Samahani, mama. Marehemu alikuwa mtu mzuri. Ila aling'oa."

Neno hilo, hapo Drumlea, si neno dogo. Reli ilipofungwa watu walilia kama wamefiwa, na mkandarasi alipokuja kuing'oa, waliopokea ujira wake walitajwa kwenye baa kwa miaka. Nyumba moja, kizazi kizima, haikualikwa harusini kwa sababu ya shoka moja na mtaimbo mmoja. Na mzee Tuohy, baba yao Fachtna na Colman, ndiye aliyekuwa mtunza njia. Maili tano zilikuwa zake. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja alizitembea na nyundo yake, akigonga kabari zilizolegea. Siku tangazo lilipobandikwa alisema mezani, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto wake atakayeshika mtaimbo wa mkandarasi asirudi kulala humo ndani.

Dervla Tuohy alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuwa amefika kutoka Coventry, ng'ambo ya bahari, siku mbili nyuma, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye koti la mvua, na shida yake ilikuwa moja tu. Baba yake, Colman, alifariki majira ya kuchipua, na katika nyumba nzima hapakuwa na picha yake ya kabla ya harusi, ambapo tayari alikuwa na miaka thelathini na mitatu na upara umeanza. Alitaka kumwona akiwa kijana. Sasa alitembea mpaka ukutani, kivuli chake kikaangukia magoti ya yule kijana, akasogea pembeni ili aonekane vizuri.

"Baba mdogo," aliita bila kugeuka. "Ndiye yeye?"

Mtoto huyu amevuka bahari kutafuta sura, akawaza, na sura ameipata. Kuna ubaya gani akienda nayo? Ni sura ya damu yake vilevile. Mwache aiweke ukutani kwake, awaonyeshe wanawe. Wazo hilo lilimjia likiwa limevaa nguo za huruma, na Fachtna alilikaribisha; alikuwa hodari wa kukaribisha mawazo ya namna hiyo. Akaanza kuinamisha kichwa kukubali.

"Alikuwa akiniambia hakugusa hata parafujo moja," Dervla alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kule Coventry, kwenye klabu ya watu wa huku, walimwita Mng'oaji. Akiingia tu: Haya jamani, chungeni viti, Mng'oaji amefika! Yeye hunywa bia yake kimya. Tukirudi nyumbani ananiambia, Dervla, mimi sikugusa hata parafujo moja. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono, akarudia. Mtu anakufa, jamani, na anahangaika na parafujo." Akaitazama picha tena. "Kumbe alikuwa ananidanganya."

Hakulia. Alifungua mkoba, akatoa bahasha aliyokuja nayo ya kuwekea picha, akaikunja mara mbili na kuirudisha.

Attracta alikuwa ameshika kalamu juu ya kadi. "Basi niandike? Colman Tuohy. Hakuna anayepinga?"

Fachtna aliona kalamu ikigusa karatasi. Alijua kwamba akinyamaza sasa hatasema tena kamwe, na ndugu yake atakaa Dublin kwenye sanduku la chuma na mtaimbo begani mpaka mwisho wa dunia.

"Napinga," alisema.

"Unasemaje, Fachtna?"

"Siyo yeye. Colman hakukanyaga Kilvarna maisha yake." Alisimama, akajikuta hana pa kuiweka mikono. "Yule ni mimi."

"Wacha wewe!" alisema Packie. "Wewe mwaka huo ulikuwa kwenye kiwanda cha sukari."

"Sijawahi kukiona hicho kiwanda, Packie."

"Na ile sukari uliyotuletea uliporudi? Mfuko mzima!"

"Niliinunua dukani, njiani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona aibu. Fachtna hakumtazama. Alikuwa akimtazama Dervla, ambaye sasa alikuwa amegeuka, nusu ya uso wake kwenye mwanga wa picha.

"Mkandarasi alitoa nafasi moja kwa kila nyumba ya mtunza njia," alisema. "Kwa mtoto mkubwa. Waliandika majina wenyewe, hawakumwuliza mtu. Colman alipoona jina lake alimwambia baba hatakwenda, na kesho yake alipanda meli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na sina kazi. Nilikwenda Kilvarna, maili arobaini kutoka hapa, mahali wasiponijua. Msimamizi alikuwa anasoma orodha. Tuohy C., akaita. Nikasema, nipo. Ni hilo neno tu. Niling'oa miezi saba, na kila aliyeniuliza jina nilimpa la Colman, hata mwenye kamera. Njia ilipokaribia huku nikaacha kazi, nikarudi nyumbani na mfuko wa sukari."

"Na babu?" Dervla aliuliza. "Babu alijua?"

"Orodha ya waliong'oa ilifika huku kabla yangu. Aliliona jina la Colman. Tulikuwa na picha zake tatu. Ya komunyo, ya shule, na moja amekaa juu ya ukuta wa stesheni na baiskeli. Baba alizitoa zote, akazitia kwenye moto wa jikoni mbele yangu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hivi nilivyo na wewe. Sikusema kitu. Ndiyo maana huna picha, Dervla. Si kwamba hazikuwepo."

Attracta alikuwa ameiweka kalamu chini. Packie, ajabu ya Mungu, alikuwa ameufumba mdomo wake. Fachtna aliona aibu, aibu ile hasa inayochoma masikio, na chini ya aibu aliona kitu kibaya zaidi: ahueni. Alijichukia kwa kuiona. Mzee Tuohy alikufa mwaka 1968 bila kuandika barua hata moja kwenda Coventry, na Colman hakuja mazikoni, na yeye Fachtna ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele huku watu wakimpa mkono kama mtoto aliyebaki mwaminifu.

"Nilijiambia Colman hajui," alisema. "Kwamba huko mbali habari hazikumfikia. Miaka hamsini na mitano nimejiambia hivyo."

"Alijua," Dervla alisema.

Alilisema taratibu, kama mtu anayelipata jambo wakati huohuo anapolitamka. Alivuta kiti, lakini hakukikalia. Alishika mgongo wa kiti.

"Kila nilipomuuliza, kwa nini huwaambii? Kwa nini unawaacha wakuite hivyo? Alikuwa na jibu moja, na nilidhani ni maneno ya bia. Alikuwa anasema, mmoja wetu ilibidi aishi na mzee." Akakiegemea kiti. "Basi. Mmoja wetu ilibidi aishi na mzee. Nilidhani anasema habari za kutunza wazazi."

Fachtna alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akakaa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira yake. Alikuwa amejiandaa hata kutemewa mate. Kwa hili hakuwa na maandalizi yoyote. Akamwona Colman kwenye klabu ile asiyoijua, miaka inaingia na kutoka, anaitwa jina lile, ananyanyua glasi yake. Angeweza kulimaliza kwa barua moja, na Fachtna ndiye angefukuzwa nyumbani. Fachtna alijifunika uso kwa viganja na kulia mbele ya parokia nzima, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Alipotulia, Dervla alikuwa bado amesimama.

"Sijui nikwambie nini, baba mdogo," alisema. "Siku nikijua nitakwambia. Leo sijui."

"Ni haki yako."

"Ndiyo, ni haki yangu."

Attracta akakohoa. "Kadi," alisema kwa upole. "Niandike nini?"

"Fachtna Tuohy," alisema Fachtna. "Andika wazi."

Akaandika. Dervla alimtazama akiandika, kisha akaiangalia picha kwa mara ya mwisho, safari hii bila njaa, kama unavyotazama picha ya mtu baki.

"Kwa hiyo baba yangu hayupo," alisema. "Hayupo kwenye picha hata moja."

Attracta aliizima mashine ya kurushia picha. Ukuta ukabaki shuka tupu. Kisha akachukua kadi nyingine, safi, akaandika juu yake jina la Colman Tuohy, akaiweka mbele yake kana kwamba ni ya arobaini na mbili.

"Alikuwa na urefu gani?" aliuliza.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Wa kwanza kujibu alikuwa Packie. "Mrefu. Kwenye mlango wa baa ya Mulhern ilibidi ainame. Na mkono wa kushoto! Alipiga mpira wa mikono kwa mkono wa kushoto, hakuna aliyejua unatokea wapi."

"Na alitembea kwa haraka," alisema mwanamke mmoja karibu na jiko. "Dada yangu alikuwa akilalamika. Hafuatiki matembezini."

Attracta aliandika. Dervla alikaa, hatimaye, na kulivua koti lake.

"Alinizidi kwa kiganja kimoja," alisema Fachtna, akitazama sakafu. "Nywele zake zilikuwa nyeusi na zilisimama hapa mbele, hazikukubali maji wala mafuta. Alikuwa na kovu kwenye kidevu, aliangukia reli tukikimbizana. Mimi ndiye niliyekuwa namkimbiza. Uso mwembamba. Macho yake..."

Akafumba yake, akatafuta. Aliona kofia ya ndugu yake, kola ya shati, mkono wa kushoto umeshika sanduku siku ya kuondoka, na mahali pa macho hapakuwa na kitu. Akainua uso akiwa ameshikwa na hofu.

"Ya kijivu," alisema Dervla. "Hayo nayajua mimi. Endelea."